Boksi la 4K na nyuzi 78: kisa cha kadi ya kunasa video

Kisa hiki kilinifikia Mwembetanga, mjini Unguja, ndani ya mkoba wa ukili. Ndani yake mlikuwa na kamera ya picha, laptopu ya mtumba, waya wa HDMI na kidude cheusi kisichozidi kiberiti, ambacho ndicho kadi yenyewe ya kunasa video. Aliyeubeba alikuwa kijana wa mwaka wa pili chuoni, na kesi haikuwa yake. Ilikuwa ya ami yake, mwalimu wa ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Hapa nitamwita Maalim tu, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita.

"Ami kahamaki," alisema kabla hajakaa. "Anasema vidole vyake nimevifanya uji."

Nikamwambia anioneshe. Kwenye faili, Maalim ameketi, ganuni ipo mapajani, nyuma yake pazia la kijani. Akitulia, sura imetoka vizuri, hata ndevu unazihesabu. Akianza kupiga, mkono wa kulia unaruka: upo hapa, mara upo kule, katikati haupo. Nyuzi, ambazo ndizo somo lenyewe, zimegeuka utando wa kijivu kama chandarua kinachotazamwa kwa mbali. Juu kwenye pembe kuna alama ya betri na kijisanduku cheupe kinachokimbizana na uso wake muda wote.

Ganuni ya Maalim ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu. Mpigaji anavaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, na kila pete imebana ukucha wa kupigia. Mkono wa kushoto, kila ukipata nafasi, unakimbilia vile vibati vidogo vya kupandishia na kushushia sauti. Mwanafunzi aliye Wete, au yule mwengine aliye Muscat, hana haja na ndevu za mwalimu. Anataka kuona ukucha umegusa uzi upi na kibati kipi kimeinuliwa kabla ya hapo. Hilo niliandika juu kabisa ya karatasi, na ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata: picha hii kazi yake ni kuonesha vidole.

Swali langu la kwanza lilikuwa kwa nini wametafuta kadi ya kunasa video wakati kamera ina kadi yake ya kumbukumbu. Jibu lilikuwa la maana. Somo la Maalim ni saa mbili, na kamera ilikuwa ikijizima kurekodi kila ikifika dakika 29 na sekunde 59. Kijana alidhani ni ubovu. Kumbe ni ushuru: kamera za picha zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya ziliwekewa kikomo hicho kwa sababu kifaa kinachorekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kilihesabiwa forodhani kuwa kamera ya video na kutozwa ushuru mkubwa zaidi. Mtumba wa Ulaya unafika kwetu na kikomo chake. Kikomo kwenye kurekodi muziki si kigeni hapa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu, na nyimbo za taarab zilizozoea kujinyoosha usiku kucha zikabidi zikunjwe ziingie humo.

Kikomo cha dakika 30, hata hivyo, kinahusu kile kinachoandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu. Tundu la HDMI linaendelea kutoa picha muda wote kamera ikiwa imewashwa, hata kama hukubonyeza kitufe chekundu. Hapo ndipo kadi ya kunasa, ambayo mafundi wa studio huiita kepcha tu, inapopata kazi. Inapokea picha ya HDMI, inaipitisha kwenye USB, na kompyuta inaiona kama kamera ya kawaida. Programu kama OBS Studio, ambayo ni ya bure, ndiyo inayorekodi mpaka diski ijae. Kwa hiyo wazo la kijana lilikuwa sahihi. Kilichomshinda ni utekelezaji.

"Kaka, lakini boksi limeandikwa 4K," alinung'unika. Kweli limeandikwa, tena kwa rangi ya dhahabu.

Nikamuuliza: 4K ya wapi? Kontena la futi 40 linashuka bandarini Malindi bila taabu. Mzigo huohuo ukitakiwa ufike dukani ndani ya Mji Mkongwe, kontena haliingii uchochoroni. Mzigo unavunjwa, unapakiwa kwenye mikokoteni, na vinavyokunjika vinakunjwa vipate kupita. Boksi lilikuwa linatangaza bandari, na kijana alitakiwa aulize upana wa uchochoro.

Nilifungua orodha ya vifaa kwenye Windows nikatazama namba za kitambulisho. Zilisomeka VID_534D na PID_2109, yaani ndani mna chipu ya MS2109, ambayo utaikuta kwenye vidude vingi vya bei nafuu vya aina hii, boksi liwe na jina lolote. Sina kinyongo na chipu hiyo. Inafanya ilichoundwa kufanya. Inapokea HDMI mpaka 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160, kwa fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde. Inachotoa ni picha isiyozidi 1920 kwa 1080, fremu 30, ikiwa imeshindiliwa kwa MJPEG, na inaipitisha kwenye USB 2.0. Kwa hiyo 4K inaingia na haitoki.

Hesabu yake tuliifanya kwa kalamu, mgongoni mwa risiti. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kwa mpangilio wa YUY2, ambao haujashindiliwa, kila pikseli inachukua baiti mbili, kwa hiyo fremu moja ni kama megabaiti 4.1. Kamera yetu inatoa fremu 50 kwa sekunde: hizo ni megabaiti 207 kila sekunde, sawa na megabiti 1,659. USB 2.0 kwenye karatasi ina megabiti 480, na kwa vitendo haizifikii. Mzigo ni zaidi ya mara tatu ya mlango. Ndiyo maana chipu haina budi kuishindilia kila fremu iwe JPEG ndogo, kwa haraka, ndani ya kidude kinachopata umeme wa USB tu. JPEG inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale mambo madogo madogo ambayo jicho huwa haliyatambui. Kwenye pazia la kijani huwezi kugundua. Kwenye nyuzi 78 nyembamba zilizopangwa sambamba, hayo mambo madogo ndiyo picha yenyewe.

"Na hii rangi ya buluu?" aliuliza, akinionesha ulimi wa buluu ndani ya kichwa cha USB. Nikawasha tochi ya simu nikampa kidude. "Hesabu pini." Akahesabu nne. USB 3.0 ina tisa: nne mbele na nyengine tano fupi nyuma yake. Plastiki ya buluu mtu yeyote anaweza kuimimina. Pini tano zinagharimu.

Hapo angetaka twende Mlandege tukabadilishe kidude. Nikakataa. Ukianza kwa kununua, unaweza kununua mara tatu. Mimi huanza picha inapozaliwa, nikaifuata mpaka inapolala.

Kamera kwanza. Alama ya betri na kile kijisanduku ni vya kamera yenyewe: kwenye menyu ya HDMI kuna kipengele cha kuonesha taarifa, na kilikuwa kimewashwa. Tukakizima. Zipo kamera zisizokuwa na kipengele hicho kabisa, na kwa hizo hakuna kadi duniani itakayokufutia maandishi. Usinunue kadi kabla hujachomeka kamera kwenye TV ya nyumbani na kuona picha imetoka tupu. Pili, HDMI ilikuwa kwenye mpango wa kujichagulia, na ilijichagulia 1080i, picha inayotumwa mistari ya shufwa na ya witiri kwa zamu. Tukailazimisha 1080p, mistari yote kwa pamoja. Tatu, kamera ilikuwa ikijizima baada ya dakika chache isipoguswa. Hilo nalo tukaliondoa.

Kisha fremu, na hapa ndipo palipokuwa na ule mkono unaoruka. Kamera ilikuwa kwenye mpango wa PAL, mfumo wa televisheni wa huku kwetu, fremu 50 kwa sekunde. OBS ilikuwa imeachwa kama ilivyokuja, na kidude kimewekwa 30. Hamsini haiingii kwenye thelathini sawasawa. Katika kila fremu tano zinazokuja, tatu zinachukuliwa na mbili zinatupwa, na nafasi kati ya zile zilizobaki hazilingani: milisekunde 40, tena 40, kisha 20. Jicho haliwezi kukuambia hesabu hiyo, lakini linaihisi kama mwendo wa mtu anayechechemea. Niliifungua faili kwenye VLC, programu ya kuchezeshea video, nikawa nabonyeza herufi E, ambayo inasogeza fremu moja moja. Mkono wa Maalim ulikuwa ukienda hatua ndefu, hatua ndefu, hatua fupi. Kijana alicheka, kisha akanyamaza.

Kuna watakaosema: weka kamera kwenye 60 yaishe. Kwetu umeme ni wa Hz 50, na taa ya tyubu inapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiwa na fremu 60 na shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/60 ya sekunde, mwanga hauingii sawa kwenye kila fremu na picha nzima inaanza kupwita. Unaweza kuokoka kwa shata ya 1/100, lakini unapoteza mwanga, na chumba cha Maalim kina tyubu moja. Kubaki kwenye 50 na shata 1/50 au 1/100 ni usalama zaidi. Sisi ni watu wa PAL tangu Zanzibar ilipokuwa na televisheni ya rangi miaka ya 1970, Bara wakiwa hawajapata televisheni ya aina yoyote mpaka 1994. Sioni sababu ya kuhama leo kwa ajili ya kidude cha elfu thelathini na tano.

Nikafungua orodha ya kidude kwenye OBS. Mlikuwa na kitu ambacho boksi halikukitaja: kwa 1920 kwa 1080 kinakubali 30 na 25, kwa 1280 kwa 720 kinakubali 60 na 50. Tukajaribu yote mawili bila kutoa hata shilingi. Kamera 25, kidude 25, OBS 25: kuchechemea kukaisha palepale. Kisha 720 na fremu 50: vidole vikawa laini zaidi, nyuzi zikapoteza ukali kidogo. Kwa mtu anayerekodi mawaidha, mkutano au mwalimu wa hesabu ubaoni, kisa kingeishia hapo. Angeondoka na kidude kilekile na ningemtoza chai. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaolalamikia vidude hivi hawajawahi kufungua orodha ile.

Tukampelekea Maalim zote mbili kwa WhatsApp, kisha nikakumbuka kwamba WhatsApp nayo inashindilia, tukaenda wenyewe na laptopu nyumbani kwake Kikwajuni. Alitazama akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwengine. Akasimamisha picha. Akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo.

"Huu uzi wa ngapi, mwanangu?"

Sikujua. Kijana hakujua. Yeye mwenyewe, aliyeupiga, hakuwa na hakika. "Basi mtoto wa Wete atajuaje?"

Ilibidi tununue, na sasa tulijua tunanunua nini: kadi ya USB 3.0 ya kweli, itoe 1920 kwa 1080 kwa fremu 50 bila kushindilia, kwa YUY2 au NV12, mpangilio mwengine usioshindiliwa. Basi. USB 3.0 kwenye karatasi ina gigabiti 5 kwa sekunde; megabaiti zetu 207 zinapita humo na nafasi inabaki.

Yale tusiyoyahitaji nayo yana umuhimu wake, kwa sababu ndiyo yanayopandisha bei. Kamera haitoi 4K, kwa hiyo 4K hatulipii. Tundu la pili la HDMI, lile linalopeleka picha kwenye TV wakati huohuo, ni la wacheza gemu, ambao hawawezi kucheza kwa kutazama picha iliyochelewa kwenye kompyuta. Elgato HD60 S+ inalo, na kwa mtu wa PlayStation nitasema inunue. Maalim hachezi gemu. Elgato Cam Link 4K haina tundu hilo, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kamera hasa, na kama mfuko ungeruhusu ningeichagua bila kufikiri. Magewell wana kadi za USB za mwili wa chuma ambazo studio zinazorusha matangazo huzipenda, kwa sababu hazitaki programu ya dereva na hazibabaiki. Bei yake Maalim angeniuliza kama ganuni inakuja pamoja nayo. Kadi za Blackmagic za kuchomeka ndani ya kompyuta, aina ya DeckLink, ni nzuri sana lakini zinataka kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCIe. Laptopu haina. Na nikiwa hapo hapo, kwa wanaoniuliza kila wiki kuhusu kurekodi mpira kutoka kwenye dekoda: dekoda inafunga picha kwa HDCP, kufuli ya kuzuia kunakili, kadi halali itakupa kioo cheusi, na mimi sina dawa.

Kamera tuliikagua tena tuone kama inafaa kuiacha kabisa tukanunua kamera ya video isiyo na kikomo. Jibu lilikuwa hapana. Lenzi yake ilikuwa inapata vidole kwa karibu vizuri sana, na Maalim alishaizoea.

Kijana alikuwa na safari ya Dar. Nikamwambia aende na kamera na laptopu, asikubali kununua kwa macho. Saa nne asubuhi picha zikaanza kuingia kwenye simu yangu kutoka Kariakoo. Kadi ya kwanza: boksi zuri, "USB 3.0" pande zote. Picha ya pili ilikuwa ya kichwa cha USB kwa karibu, tochi imewashwa. Pini nne. Hakunitumia hata neno, alinitumia alama ya kucheka. Kadi ya pili ilikuwa nzito zaidi, haina jina ninalolijua, mwili wa bati, pini tisa. Muuzaji alimruhusu achomeke. Nikaomba aipige picha orodha ya OBS. Ilikuwepo: 1920 kwa 1080, fremu 50, YUY2. Nikamwambia arekodi dakika moja feni ya dukani ikizunguka, kisha abonyeze E kwenye VLC mara ishirini na kila mara atazame kama pangaboi limesogea. Lilisogea mara ishirini. Alilipa laki na arubaini na akawahi boti ya jioni.

Hatukumaliza siku hiyo. Kwenye meza yangu picha ya kadi mpya ilikuwa inakatika tangu mwanzo. Laptopu ina matundu mawili ya USB 3 kulia na moja la USB 2 kushoto. Kijana alikuwa ameweka diski ya nje kulia, kipanya kulia, na kadi kushoto kwa sababu ndiko kamera ilikokuwa. Watu wengi hufikiri diski ndiyo inayostahili tundu pana, kwa kuwa ndiyo kubwa. Nikamrudisha kwenye risiti yetu. Picha mbichi inayoingia ni megabaiti 207 kwa sekunde. OBS ikishaikandamiza kwa H.264 kwenye megabiti 25, kinachokwenda kwenye diski ni kama megabaiti tatu kwa sekunde. USB 2 inaubeba mzigo huo ikiwa imelala. Kadi ikahamia kulia, diski kushoto, na kukatika kukaisha. Ukandamizaji wenyewe tuliukabidhi kwa Quick Sync, sehemu maalumu ya kukandamiza video iliyomo ndani ya Core i5 ya kizazi cha 8, ili prosesa isichemke, maana chumba cha Maalim wakati wa kaskazi ni tanuri.

Tatizo la mwisho la picha sikulitegemea. Siku ya majaribio alikuwepo mwanafunzi mmoja wa kike amekaa pembeni, na buibui lake jeusi likatoka la kijivu, kama limefuliwa mara mia. Kadi ilikuwa inatuma rangi kwa kipimo kifupi, ambacho weusi unaanzia 16 badala ya 0, na OBS ilikuwa inasoma kana kwamba ni kipimo kirefu. Ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya kifaa. Ukiuweka kwenye kipimo kifupi, buibui linarudi kuwa buibui. Niliwahi kuona mtu akirudisha kadi nzima dukani kwa sababu ya mstari huo.

Sauti niliirahisisha makusudi. Kijana alikuwa akichukua picha kutoka kwenye kadi na sauti kutoka maiki ya laptopu. Picha ya kadi inachelewa kidogo njiani, sauti haichelewi, kwa hiyo uzi ulikuwa unalia kabla ukucha haujaugusa. Unaweza kuichelewesha sauti ndani ya OBS kwa milisekunde. Sisi tulichomeka maiki ya Maalim kwenye kamera yenyewe, sauti na picha zikasafiri pamoja ndani ya HDMI na kuchelewa pamoja.

Na umeme. Sisi ambao tulikuwepo 2008, Unguja ilipokaa takriban mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Disemba 2009 kwa miezi mitatu, hatuhitaji kufundishwa kuweka akiba. Laptopu ina betri yake, kamera tuliiwekea betri iliyojaa badala ya adapta, na faili tukarekodi kwa MKV badala ya MP4. Faili ya MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni. Umeme ukikatika kabla ya kuifunga, saa nzima inaweza isifunguke. MKV ikikatika unapoteza sekunde za mwisho tu. Baadaye OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 bila kuigusa picha. Matoleo mapya ya OBS yana MP4 ya mchanganyiko inayostahimili, lakini laptopu ile ilikuwa na toleo la zamani na sikutaka kuchokoza kilichotulia.

Kitu kidogo kabisa ndicho kilichokuwa karibu kutuharibia. Tundu la HDMI kwenye kamera ile ni lile dogo kuliko yote, na waya mzito ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye tripodi. Maalim akivuta pumzi ndefu na kusogeza kiti, picha inapotea sekunde mbili. Mke wake, ambaye alikuwa akitutazama kutoka mlangoni muda wote na kusema kidogo, alileta kipande cha kamba ya usumba akaufunga waya kwenye mguu wa tripodi, akaacha ulegevu kidogo karibu na tundu. Kamba hiyo ipo mpaka leo. Duka linauza vibano vya kazi hiyo, sijaona kilichoishinda.

Somo la kwanza lilirekodiwa Jumamosi baada ya alasiri: saa 1 na dakika 52, faili moja, GB 21. Kuituma Pemba kwa bando ingekuwa wazimu, kwa hiyo ilipanda boti ya Mkoani ndani ya flashi, mfukoni mwa shemeji wa mtu. Siku mbili baadaye ujumbe wa mwanafunzi wa Wete ukaingia kwenye simu ya kijana: picha ya kioo, imezungushiwa duara jekundu, na swali limeandikwa kwa adabu zote. Shikamoo Maalim. Dakika ya 41 kibati kimebaki juu lakini umepiga kana kwamba kimeshuka. Ndivyo inavyotakiwa, au?

Maalim aliitazama dakika ya 41 mara tatu. Akavua miwani yote miwili. Kisha akanipigia simu kuuliza, kwa sauti ya chini, kama ile kadi mpya ina mahali pa kupunguza ukali kidogo.